Mpiga Pasi Aliyenyima Watu Mkono

Watu walimwita Mstari, naye hakuudhika. Suruali ikishapita mikononi mwake ilitoka na mstari unaoweza kukata mkate, na kuna mlevi mmoja wa mtaani aliyewahi kuapa kwamba akivaa suruali iliyopigwa pasi na Mstari, hata miguu yake huona haya kupepesuka. Kazi yake aliifanyia katika chumba kimoja chini ya ghorofa la zamani. Palikuwa na meza ndefu iliyovishwa blanketi na shuka lililobabuka kwa joto, pasi mbili za umeme, moja ya kufanyia kazi na nyingine ya kusubiri ya kwanza iharibike, na kamba zilizojaa mashati ya watu wanaojua kuvaa kuliko kufua.

Jirani yake pale barazani alikuwa fundi viatu aliyeitwa Gundi. Mgeni angedhani ni kwa sababu ya kazi, kumbe wapi. Aliitwa Gundi kwa kuwa akikaa kwenye kiti chako habanduki.

Kila asubuhi, kabla huyu hajachomeka pasi na yule hajatandaza soli zake, walipeana mkono. Si ule wa kugusana vidole wa watu waliochelewa kazini. Gundi akikushika mkono aliushika hasa, akautingisha huku akikusimulia ya jana, na hakuuachia mpaka hadithi iishe. Mstari alikuwa amezoea kupokea habari za mtaa mzima akiwa kashikwa mkono. Tangu mkewe afariki, huo ndio uliokuwa mkono pekee uliomgusa kutwa nzima, ingawa hakuwahi kuliwaza jambo hilo mpaka lilipokoma.

Ugonjwa wenyewe ulimwingilia kwa mlango wa nyuma. Ndivyo alivyosema siku alipoambiwa, na daktari akashindwa kujua acheke au asicheke. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Walimpasua, wakakata kipande, wakamshona. Mtaani aliaga kwamba anakwenda kumsalimia binti yake anayeishi mji wa mbali, na aliporudi amekonda, watu wakamsema binti kwa kumshindisha baba yake njaa. Mshono ulipopona ikaja zamu ya dripu ya dawa, kila baada ya wiki kadhaa, siku ya Jumanne. Dripu ya kwanza ilimkuta baridi ndiyo kwanza imeingia, ukungu umeshuka hadi mabatini na watu wanatoa moshi mdomoni wakisalimiana.

Hakumwambia mtu isipokuwa binti yake. Usimwite mjinga haraka. Alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa na historia. Mkewe naye aliondoka na saratani, ya titi, na wakati ule Gundi, kwa wema wake wote, alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wamkumbuke shemeji yake kwenye sala. Watu wakamkumbuka kwenye sala, na nguo zao wakapeleka kwingine. Mama mmoja alituma mtu achukue mapazia yake hata hayajakauka. Mwingine alichukua mashuka yaliyokwisha kukunjwa, na Mstari akayaona baadaye yakianikwa uani kwa mama huyo, yamefuliwa upya. Saratani haiambukizi, kila mtu anajua, lakini kujua ni jambo moja na kulalia shuka ni jambo jingine. Gundi alikuwa mtu wa kufa na kuzikana, ila hakuwa na kifua. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni unaulizwa na muuza magazeti.

"Baba, mwambie hata mtu mmoja," binti alimsihi kwenye simu. "Mwambie baba mdogo Gundi tu."

"Nikimwambia Gundi nimeshamwambia na askari wa barabarani."

"Sasa utakaa peke yako mpaka lini?"

"Sikai peke yangu. Nina pasi mbili."

Binti hakucheka.

Siku ya dripu ya kwanza nesi alimwonya vizuri. "Baba, dawa hii ina visa vyake. Siku za mwanzo usiguse kitu cha baridi, usinywe cha baridi, na ukitoka nje ziba pua na mdomo." Mstari aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akidhani ni yale maneno ambayo manesi humwambia kila mzee ili aende zake. Hata hivyo alijifunika. Alivaa kofia mbili, akajizungusha skafu mpaka machoni, na hilo hakulifanya kwa ajili ya nesi bali ili asitambulike na mtu. Akateremka ngazi za hospitali kichwa chini, anatembea upesi kuliko tumbo lake lilivyotaka.

Kesho yake asubuhi kufuli la duka lilimng'ata. Hakupata neno jingine la kulielezea. Aliligusa, na kitu kikamtambaa kutoka ncha za vidole hadi kiwiko, vijisindano elfu vikiwa na haraka zao. Akaurudisha mkono, akautazama, akajaribu tena, akang'atwa tena. Mwishowe alivua soksi moja, akaivaa mkononi, akafungua mlango mguu mmoja ukiwa mtupu ndani ya kiatu.

Ndani mambo yakazidi. Aligusa zipu ya koti, akapigwa. Akachovya vidole kwenye bakuli anyunyizie shati maji, akapigwa. Akashika mguu wa meza, ambao ni wa chuma, akapigwa mpaka akaona nyota. Basi mtu aliyefanya kazi na umeme maisha yake yote atafikiri nini? Alifikiri pasi inavujisha umeme, umeshuka mezani, umeingia kwenye maji, umefika hadi kwenye zipu za watu. Akachomoa waya, akasimama mbali na meza akiiangalia kwa hofu ya mtu aliyefuga mbwa miaka mingi na leo mbwa kamgeukia.

Akaja fundi umeme. Akapima pasi ya kwanza, akapima ya pili, akapima swichi, akapima hadi bakuli la maji, jambo ambalo hakuwahi kuombwa na mtu tangu aanze kazi.

"Mzee, pasi zako nzima," alisema akifunga begi lake. "Labda wewe mwenyewe ndiye una shoti."

Walicheka wote wawili. Fundi alipoondoka, Mstari alicheka tena kidogo, kisha akayakumbuka maneno ya nesi na kicheko kikamwishia mdomoni. Akachemsha maji kwenye birika, akachanganya bakuli likawa vuguvugu, akachovya vidole. Havikuuma. Alikaa pale na vidole vyake ndani ya bakuli kwa muda mrefu.

Gundi alikuwa amempitia asubuhi hiyohiyo, kabla pasi haijachomolewa na fundi umeme kuitwa. Jambo la ajabu, hakuwa na hadithi. Alisimama mlangoni, akamtazama rafiki yake usoni kama anayengoja kitu, kisha akanyoosha mkono. Mikono ya Gundi ilikuwa imetoka kwenye beseni analolowekea ngozi, na maji ya beseni hilo asubuhi ya baridi ungeweza kuyavunja kwa nyundo. Mstari aliupokea mkono bila kuwaza. Umeme ukampanda hadi begani, akaunyakua mkono wake na kuuficha kwapani.

"Shati linaungua," alisema, akageukia meza.

Pasi ilikuwa haijapata moto. Gundi aliitazama ile taa ndogo ya pasi, nyekundu bado, akautazama na mkono wake mwenyewe uliobaki hewani. Akaurudisha mfukoni taratibu, akaondoka bila kuketi. Tangu aitwe Gundi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kuanzia hapo Mstari alijifunza kuishi upya, na somo lenyewe halikuwa na mwalimu. Maji ya bomba aliyanywa mara moja tu kwa kusahau, koo likamfunga, akabaki ameshikilia ukingo wa sinki mdomo wazi, anajiambia kwamba pumzi ipo, nesi alisema pumzi ipo, ni koo tu linadanganya. Pumzi ilikuwapo kweli. Lakini ni jambo la upweke mno kudanganywa na koo lako jikoni, hakuna hata mtu wa kukupiga mgongoni. Friji alilifungua kwa kitambaa cha kuepulia sufuria, akatoa maziwa kwa mikono miwili kana kwamba anaepua chungu. Tonge la kwanza la kila mlo lilimkaza taya hadi machozi yakamtoka, la pili likapita salama, la tatu halikujua lolote. Kwa hiyo kila alipoketi kula alianza kwa kulia kidogo, akajipangusa, kisha akala. Akajiambia kwamba wapo wanaosali kabla ya kula na wapo wanaolia.

Visa hivyo vilikuwa na ratiba yao. Siku za mwanzo baada ya dripu vilikuwa vikali, vikapungua, akaanza kujisahau, kisha Jumanne nyingine ikafika. Kila mara vilirudi na nguvu zaidi na vikachelewa kuaga. Kazini alikuwa na nafuu. Meza ya pasi ilikuwa na joto, nguo zilitoka na joto, chumba chote kilinuka mvuke na pamba, na akawa anachelewa kufunga kwa visingizio vya hapa na pale. Alizipiga pasi hata soksi. Mteja mmoja alimuuliza kwa nini leso zake zimepigwa pasi pande zote mbili, akajibu kwamba ni huduma mpya.

Ila mkono alikuwa hampi mtu. Mteja akinyoosha wake, Mstari alikuwa ameshika pasi kwa mkono mmoja na kola kwa mwingine. "Nisamehe, niko motoni," alisema, na wateja hawakujali. Mteja anataka shati. Aliyejali alikuwa mmoja.

Gundi alijaribu tena mara mbili tatu, kisha akaacha. Akawa anapita mlangoni anasema "habari ya asubuhi" bila kugeuza shingo. Kiti chake kikabaki wazi, na Mstari hakuwa na moyo wa kuweka nguo juu yake. Kupitia ukuta alisikia nyundo ya Gundi ikigonga visigino, alisikia wateja wakija, na alisikia pia kwamba hadithi zilikuwa zimepungua hata huko. Mara kadhaa alisimama, akafika mlangoni, akajikaza kisabuni kwamba leo namwambia. Kisha akayaona kichwani yale mashuka yaliyofuliwa upya yakipepea uani, akarudi mezani. Bila kazi ile angekuwa na nini? Nyumba yenye friji la kuogopwa. Akawa amenaswa kati ya rafiki na riziki, na kadiri alivyokawia ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu hata kusema hujambo.

Mtu wa vitumbua hapo nje ndiye aliyemwambia kwamba Gundi amefiwa. Dada yake mkubwa, yule aliyemlea baada ya mama yao kufa, alikuwa ameaga dunia. Aliumwa kwa muda, ndivyo walivyosema, na hakuna aliyesema aliumwa nini. Mazishi yalikuwa Alhamisi. Mstari alikuwa ametoka dripu juzi yake.

"Baba, usiende," binti alisema. "Kuna upepo huko, na wewe uko kwenye siku zako mbaya. Mpigie simu tu."

"Mtu kafiwa na mama yake wa pili, mimi nimpigie simu?"

"Basi vaa glovu. Usizivue."

Alizivaa, glovu nene za sufu, na skafu, na kofia zake mbili. Makaburi yalikuwa mlimani, upepo unapita bila kubisha hodi. Alisimama nyuma kabisa, anavutia pumzi ndani ya skafu, na kila hewa ya nje ilipompenya koo lilijikunja. Alimwona Gundi akisaidia kufukia kwa mikono yake mwenyewe, udongo umelowa, kisha akinawa kwenye ndoo. Mtu mkubwa yule alionekana amepungua ndani ya koti lake. Koti lenyewe lilikuwa limejikunja vibaya mgongoni, na Mstari akaona uchungu kwamba siku kama hii rafiki yake hakuleta koti kwake.

Wafiwa wakajipanga, watu wakapita mmoja mmoja kutoa mkono wa pole. Mstari akaingia kwenye foleni. Alikuwa na muda wote wa foleni wa kuamua. Kumpa mfiwa mkono wenye glovu, tena mfiwa huyu, tena baada ya miezi ya kumnyima, ingekuwa tusi la mwisho. Angeweza kuinamisha kichwa na kupita. Angeweza pia kurudi nyumbani, hakuna ambaye angemwona. Mbele yake alibaki mtu mmoja. Mstari akavua glovu ya kulia, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono mtupu kwenye upepo.

Gundi aliutazama kwanza. Kisha akaushika.

Mkono wake ulikuwa barafu. Maumivu yalipanda mpaka yakafika kwenye meno, na machozi yakamtoka Mstari kabla hajafungua mdomo kusema pole.

"Leo ndiyo unanipa mkono," Gundi alisema kwa sauti ya chini. "Mpaka anifie mtu."

Mstari alitaka kujibu. Koo lilikuwa limefunga, akatingisha kichwa tu.

"Ulituona hospitali," Gundi akaendelea. "Nilikuwa nimemshika dada mkono, tunapanda ngazi. Nikakuita. Ukavuta kofia, ukatupa kisogo. Kesho yake nikaja nione kama nimekosea, ukaninyang'anya mkono wako. Nikasema basi, hata huyu anaogopa. Mkeo mimi nilimbeba mgongoni kushuka ngazi zilezile, unakumbuka? Sikuogopa kitu."

Kumbe Gundi, mtu asiye na kifua, alikuwa ameibeba siri ya saratani ya dada yake miezi yote kwa kuwa mwenyewe alimwomba isitoke, naye hakuitoa. Aliyedhaniwa kuwa hawezi kufunga mdomo alikuwa ameufunga mpaka kaburini.

Mstari alimeza mate, akavuta pumzi ndani ya skafu mara mbili, koo likalegea kidogo.

"Sikuwaona," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Masikio yalikuwa yamezibwa. Nilikwenda kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako?"

"Ninayo. Tumboni. Dawa yake haitaki niguse cha baridi, inanipiga shoti. Mkono wako ni wa baridi, ndugu yangu. Ni hivyo tu. Hakuna kingine."

Gundi akainamisha macho kwenye ile mikono miwili. Kwenye wa Mstari ngozi ya vidole ilikuwa imebadilika rangi na kubambuka nchani. Gundi ni mtu anayetazama ngozi kutwa, lakini hii hakuwahi kuitazama.

"Sasa hivi inauma?"

"Inauma."

Akataka kuuachia upesi. Mstari akaukaza.

"Songeni mbele, jamani," mzee mmoja alisema nyuma. "Na sisi tuna baridi."

Hawakusonga. Gundi alikuwa anahesabu kitu kichwani, midomo inacheza bila sauti.

"Ilikuwa Jumanne siku ile," alisema. "Zako huwa Jumanne?"

"Jumanne."

"Na zake Jumanne. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia linalogawa chumba chenu cha dripu." Akatafuta maneno, yeye ambaye maneno hayajawahi kumpungukia. "Mimi hawaniruhusu kuingia, nakaa nje kwenye benchi, kwenye mlango wao wa wanawake. Yeye alikuwa anaogopa kukaa mle peke yake. Akaniuliza, yule rafiki yako wa pasi mwenye vichekesho, hawezi hata siku moja kuja kunisalimu? Kila Jumanne aliuliza. Nikawa namwambia una kazi nyingi."

 Mzee wa nyuma alimgusa Mstari bega, naye akauachia mkono wa Gundi, akampisha.